Kifaa "kinachokula umeme mwingi" ni kipi hasa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba na sebule Tabata. Nyumba ina wapangaji sita na mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni moja, tunachangia. Mwezi uliopita mama mwenye nyumba alibandika karatasi koridoni: "Ni marufuku kutumia vifaa vinavyokula umeme mwingi. Jikoni nishati safi tu. Gesi isiwekwe ndani. Mwenye matumizi makubwa atalipa zaidi." Kesho yake akaniambia kwamba presha kuka yangu ya umeme ndiyo iliyokusudiwa, kwa kuwa nyuma imeandikwa wati 1,000. Friji ya jirani yangu imeandikwa wati 120, hiyo haikuguswa. Nilipouliza zaidi, mama alinijibu kwa upole kabisa: "Basi mwalimu, kama mimi siandiki vizuri, andika wewe." Je, presha kuka yangu imevunja sheria? Na nikiandika, niandikeje?

JIBU: Mwalimu, nianze na swali lako la kwanza ili moyo utulie. Kwa jinsi karatasi ilivyoandikwa, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba presha kuka yako imevunja sheria, wala anayeweza kuthibitisha kwamba haijavunja. Nimekagua waya katika nyumba za kupanga za jiji hili kwa zaidi ya miaka 20, na karatasi za namna hiyo nimezisoma Mabibo, Buguruni, Mbagala na Kinondoni. Karibu zote zimeandikwa na mtu mwenye hofu ya kweli. Anaogopa nyumba isiungue, au anaogopa hela ya umeme, au amechoka kuamua ugomvi wa wapangaji. Lakini akishika kalamu, hofu yenyewe haiandiki. Anaandika "mwingi", "safi", "ndani", "makubwa", halafu kila mpangaji anayapa maneno hayo maana yake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno, kaa na mama, msalimie, kisha muulize: mama, unaogopa nini hasa? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha upime kwa kipimo gani. Vipimo viko kadhaa na havibadilishani.

Tuanze na umeme mwingi, maana ndiko kilipo kisa chako. Wasikilize watu wa Dar wanavyolitumia neno hilo. Mama wa chumba cha mbele anasema, "Mwezi huu tumekula umeme mwingi." Anazungumzia uniti, yaani hela iliyoingia LUKU. Fundi anagusa ukuta karibu na soketi na kusema, "Hita hii inavuta umeme mwingi." Huyo hana habari na mwezi, anazungumzia dakika hii, waya huu, joto hili lililo chini ya kiganja chake. Jirani aliyeunguliwa na televisheni anasema, "Umeme ulikuja mwingi," naye anazungumzia volti zilizopanda ghafla. Maneno ni yale yale, vitu ni vitatu: uniti, wati, volti. Kuna pia "umeme mkubwa", ambao kwa wengi ni ule wa njia tatu unaoendesha mashine za kusaga.

Niliwahi kuitwa kwenye bweni moja la wanafunzi hapa mjini. Ukutani palikuwa na tangazo: "Vifaa vya umeme mkubwa haviruhusiwi." Chumba nilichoitiwa walikuwa na hita ya koili, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo, wameichomeka kwenye ekstensheni iliyopita chini ya godoro. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya ukoko wa ugali, tundu moja limelegea na kupinda, na chumba kizima kinanuka kama samaki aliyeungua. Ndiyo harufu ya plastiki ya soketi inapoanza kupikika. Ukiisikia mahali pasipo na samaki, kimbilia meni swichi. Hakuna aliyeumia. Nikawauliza kama tangazo hawakuliona. Wakanijibu bila kunificha: "Tuliliona, lakini hii si ya umeme mkubwa, ni ya soketi ya kawaida." Walikuwa wanasema kweli. Walilisoma, wakalitii kwa maana waliyoijua, na nusura wateketee wakiwa wamelala. Tangu siku hiyo sijawahi kulichukulia neno la kwenye karatasi ya ukutani kuwa jambo dogo.

Sasa twende kwenye presha kuka na friji. Wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa zinakuambia kinavuta kwa kasi gani wakati kinafanya kazi. Uniti zinakuambia jumla ya kilichovutwa. Fikiria maji: wati ni ukubwa wa bomba, uniti ni ndoo zilizojaa. Bomba kubwa likifunguliwa dakika tano linaweza kukupa ndoo chache kuliko bomba dogo linalotiririka usiku kucha. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, au wati 100 kwa saa kumi. Ndoo ni ile ile.

Presha kuka ya wati 1,000 haivuti wati 1,000 muda wote. Inavuta mfululizo mpaka presha ijae, dakika ishirini hivi kutegemea maji uliyoweka, kisha inajikata, na baada ya hapo inagusa umeme kidogo kidogo ili kuishikilia presha. Pishi moja la maharage ya familia litakula kama uniti 0.4. Ukipika kila siku, mwezi utaisha na uniti 12. Friji nayo mota yake haizunguki saa zote 24. Kwa joto letu la Dar, tuseme jumla inafanya kazi saa tisa kwa siku. Wati 120 mara saa tisa ni karibu uniti 1.1, yaani zaidi ya uniti 30 kwa mwezi. Hapo friji ni nzima. Mpira wa mlango ukilegea, au friji ikisukumwa hadi ikabanana na ukuta, mota haipumziki na hesabu inapanda.

Tuiweke kwa shilingi. Bei ya kundi la kawaida la wateja wa umeme iliyowekwa mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka inayosimamia bei za nishati), inafika 356 na kidogo. Ndiyo maana ukinunua umeme wa elfu kumi unapata uniti 28. Kwa bei hiyo, presha kuka yako ni kama shilingi 4,300 kwa mwezi, na friji ya wati 120 inapita shilingi 11,000.

Nakuomba sana usiichukue hesabu hii ukaenda kumshitaki jirani. Friji katika nyumba yenye mtoto mdogo, dawa, au biashara ya barafu si anasa. Nimeileta ili uone kwamba namba ya nyuma ya kifaa haitoshi kutoa hukumu. Chukua jiko la koili la wati 1,000, namba ile ile ya presha kuka yako. Chemshia maharage yale yale juu yake kwa saa mbili: umekula uniti mbili, zaidi ya shilingi 700. Kwenye presha kuka ungetumia kama 140. Vifaa viwili, wati sawasawa, chakula kimoja, na kimoja kimekula mara tano ya mwenzake. Sheria inayokataza "wati 1,000" imevifunga vyote viwili kwa kamba moja.

Jagi la umeme ndilo linaloonewa zaidi, kwa sababu linaguruma na limeandikwa wati 2,000. Kuchemsha lita moja ya chai kunachukua dakika tatu au nne na kula uniti 0.1, shilingi 36 hivi. Kinachomaliza umeme kimyakimya ni maji ya kuoga. Ndoo ya lita 20, kuitoa nyuzi 25 hadi 40, inahitaji uniti 0.35. Watu wanne, kila siku, ni uniti 42 kwa mwezi, karibu shilingi 15,000. Nyumba nyingi zinazogombana kuhusu jagi na pasi zingepata amani kama wangehesabu ndoo.

Hayo yote ni kama hofu ya mama ni hela. Kama anaogopa moto, hesabu inageuka juu chini, na hapa mwalimu naomba unisikilize kwa makini, maana presha kuka yako haiko salama moja kwa moja.

Soketi yetu ya pini tatu imetengenezwa kwa ampia 13; ampia ni kipimo cha mkondo wa umeme unaopita kwenye waya. Kwa volti 230, hiyo ni kama wati 3,000, basi. Sasa ni saa moja jioni. Presha kuka iko kwenye ekstensheni, wati 1,000. Mtoto anataka chai, jagi linaingia hapo hapo, wati 2,000. Sare ya kesho haijapigwa pasi, wati 1,000 nyingine. Jumla ni wati 4,000, ampia 17 na kitu, zote zinapita kwenye waya mmoja mwembamba wa ekstensheni. Usitegemee fyuzi ya plagi ikuokoe papo hapo. Fyuzi ya ampia 13 inaweza kuvumilia ampia 17 muda mrefu sana huku waya ukichemka. Na joto la waya halipandi hatua kwa hatua na mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ndiyo sababu waya uliokuwa vuguvugu jana unaweza kuyeyuka leo kwa kuongezewa kifaa kimoja tu.

Nyumba za Tabata na kwingineko zina jambo jingine la kuangalia. Vyumba vingi vya uani viliongezwa baadaye, chumba kimoja kimoja, kila hela ilipopatikana. Waya wa soketi unapaswa kuwa wa milimita 2.5, wa taa huwa 1.5. Nimefungua soketi nyingi za vyumba hivyo nikakuta fundi alizivuta kutoka kwenye waya wa taa wa chumba cha jirani. Hapo vyumba viwili vinagawana waya mwembamba bila kujua, na mpangaji anayewasha jagi hajui kwamba mwenzake nyuma ya ukuta anapiga pasi.

Kwa hofu hii, friji ya jirani yako haina hatia kabisa: wati 120 ni nusu ampia. Presha kuka yako ikiwa peke yake kwenye soketi iliyo sawa haina hatia pia. Ikishirikiana ekstensheni na jagi, ina hatia. Umeona? Mama anaweza kuwa na haki ya kukiwekea masharti kifaa chako, ila si kwa sababu aliyoitaja.

Kama anaogopa volti kupanda na kushuka, hilo halitibiwi na sheria ya wapangaji. Linataka stebilaiza, au kidude cha kulinda friji na televisheni, na taarifa kwa TANESCO, shirika la umeme, tatizo likijirudia.

Twende kwenye gesi. "Gesi isiwekwe ndani" ni maneno matatu, mawili kati yake hayajatulia. Dar es Salaam ya leo ina gesi mbili za jikoni. Ya kwanza ni ya mtungi, kilo 6 au kilo 15, mchanganyiko wa propani na butani unaoletwa na meli. Ya pili ni gesi asilia, yetu wenyewe, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay. Ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, na siku hizi gesi asilia imefikishwa kwa bomba hadi kwenye baadhi ya majiko ya jijini. Zinaitwa jina moja na zikivuja zinafanya mambo kinyume. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, inapanda kwenye dari. Ya mtungi ni nzito: propani ni mara moja na nusu ya uzito wa hewa, butani mara mbili. Ikivuja inalala sakafuni na kutambaa kama maji yaliyomwagika, inatafuta mahali pa chini. Dirisha lililo usawa wa kichwa halikusaidii sana. Kinachosaidia ni mlango ulio wazi mpaka chini, au matundu karibu na sakafu.

Na "ndani" ni wapi? Ndani ya chumba? Ndani ya nyumba? Korido ni ndani? Nauliza kwa sababu nimeona sheria hii ikitiiwa, na utii wenyewe ukaleta hatari. Wapangaji wanautoa mtungi chumbani, penye dirisha na mlango, wanaupeleka chini ya ngazi, au kwenye kibanda cha uani kilichozibwa pande zote, au koridoni hatua mbili kutoka jiko la mkaa la mwenzao. Wametii neno "ndani", na mtungi sasa uko mahali pabaya kuliko ulikotoka.

Mama anaogopa gesi kuvuja na kukutana na moto. Basi karatasi iseme hivyo: mtungi usimame wima, usilazwe, uwe mahali ambapo hewa inapita hadi chini, uwe mbali na moto wa mkaa, valvu ifungwe kila unapomaliza kupika. Kuna jambo moja ningependa kila mtu wa nyumba hiyo alijue kwa moyo. Gesi ya mtungi kwa asili yake haina harufu; ile harufu mbaya imewekwa makusudi ili tuijue. Ukiisikia, usiwashe swichi na usizime pia. Swichi inapozimwa nayo inatoa cheche. Funga valvu kama unaifikia, fungua mlango, tokeni nje.

Kuhusu "nishati safi": neno nishati tumelichukua kwa Waarabu, kwao ni uchangamfu, na kwetu limekuwa neno la ofisini linalobeba kila kitu kuanzia kuni za bibi mpaka megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere. Peke yake halikatazi wala haliruhusu chochote. Kazi yote imeachiwa neno "safi", na safi ina kambi mbili. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapa Dar es Salaam Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Katika lugha hiyo, usafi unapimwa kwenye mapafu ya anayepika, na gesi ya mtungi imo, pamoja na umeme, gesi asilia, bayogesi na ethanoli. Wanaojadili mabadiliko ya tabianchi wao wanapima hewa ukaa, na kwao gesi ya mtungi ni zao la mafuta na gesi ya ardhini, haiwezi kuitwa safi. Naamini mama amelitoa neno lake redioni, kwenye tangazo la kambi ya kwanza, na nia yake ni njema: hataki moshi.

Lakini zisome sasa sheria zake tatu kwa pamoja. Mkaa hauruhusiwi, maana si safi. Gesi haiwekwi ndani. Umeme, usitumie kifaa kinachokula mwingi, na hakuna kifaa cha kupikia cha umeme ambacho hakivuti wati nyingi. Mpangaji anayetaka kutii zote hana pa kuivishia uji wa mtoto. Hilo mama hakulikusudia hata kidogo, na nadhani ukimwonyesha kwa utaratibu ataliona mwenyewe.

Na mkaa mbadala? Upo wa vifuu, upo wa maranda, upo wa makaa ya mawe kama ule wa Rafiki unaotengenezwa na STAMICO, shirika la madini la taifa. Muuzaji atakuambia ni safi kuliko mkaa wa miti. "Kuliko" ni ulinganisho tu. Karatasi inayosema "safi tu" haijajibu. Mimi jibu langu linatoka kwenye hewa yenyewe. Chochote kinachowaka kama kaa, hata kisipotoa moshi hata kidogo, kinatoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua watu usingizini. Kutokuwa na moshi kusiwafanye mkaleta jiko kitandani.

La mwisho, "matumizi makubwa", nitalipita haraka kwa sababu dawa yake inajulikana. Makubwa kuliko ya nani? Kwa chumba au kwa kichwa? Hamwezi kujua kwa kutazama vifaa vya mtu, mmeona hesabu ya friji. Wekeni mita ndogo kila chumba, fundi umeme yeyote anazifunga. Kuna jambo hapa wapangaji wengi hawalijui. Kwa bei za mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Familia yako peke yake huenda ingetosha humo. Familia sita kwenye mita moja hazitoshi, kwa hiyo bei kubwa mnayolipa si kosa la mwenye presha kuka wala mwenye friji. Inatokana na mita kuwa moja. Na ile 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU ni kodi ya jengo, mzigo wa mwenye nyumba. Isihesabiwe kama umeme wa mtu.

Kisheria, ukitaka kujua, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana hayana nguvu. Nakushauri usianze na hilo. Mama amekupa kalamu kwa mkono wake. Ukimjibu kwa kifungu cha sheria ataichukua tena.

Ningekuwa mimi, ningeandika hivi, kwa sentensi ambazo mtoto wa darasa la tano anaweza kuzisoma kwa sauti koridoni:

"Kwenye soketi moja au ekstensheni moja, usiwashe kwa pamoja vifaa viwili vinavyotoa joto: jagi, pasi, jiko la umeme, presha kuka, oveni. Kimoja kikimaliza, washa kingine. Ekstensheni isipite chini ya godoro, zulia wala mlango. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo hairuhusiwi. Kila chumba kina mita ndogo. Tunasoma mita pamoja kila tarehe moja, na kila mtu analipa uniti zake kwa bei iliyo kwenye risiti ya LUKU. Mtungi wa gesi usimame wima karibu na mlango au mahali penye matundu ya hewa chini, usiwe koridoni wala chini ya ngazi, na valvu ifungwe baada ya kupika. Jiko la mkaa, la kuni au la mkaa mbadala wa aina yoyote linawashwa uani tu, haliingii chumbani wala koridoni, hata mvua ikinyesha."

Hapo hakuna "mwingi" wala "safi". "Vinavyotoa joto" nimelichagua kwa sababu halihitaji mtu kusoma wati: kazi ya kifaa ni kuchoma au kuchemsha, basi kimo. Friji haimo. Hita ya ndoo nimeikataza kabisa kwa sababu ya pili mbali na waya: mtu anachovya mkono kupima maji kabla hajaichomoa. Na mvua nimeitaja makusudi. Jiko la mkaa huingia ndani siku ya mvua za masika, saa ambazo madirisha yote yamefungwa. Sheria isiyotaja mvua itavunjwa siku hiyo hiyo inapohitajika.

Ukimaliza, usiibandike bado. Mpe mpangaji mgeni zaidi, au dada anayesaidia kazi chumba cha tatu, asome, kisha umuulize mambo matatu: friji inaruhusiwa? Presha kuka na jagi kwenye ekstensheni moja je? Mvua ikinyesha na maharage yako jikoni uani, ufanyeje? Muulize na mwingine asiyemsikia wa kwanza. Wakijibu tofauti, kuna neno bado linacheza; litafute. Wewe ni mwalimu, kazi hii unaifanya kila unapotunga mtihani.

Na kabla ya hayo yote, mwombe mama amwite fundi afungue soketi za vyumba vya uani, aone waya ni wa milimita ngapi na umetokea wapi. Akikuta ni waya wa taa, sheria niliyoandika haitoshi. Vyumba hivyo visiwashe kifaa chochote cha joto mpaka waya ubadilishwe. Presha kuka yako endelea nayo, lakini ichomeke yenyewe ukutani, itoke kwenye ekstensheni leo hii, na jagi lisubiri mpaka maharage yaive.